Mume wa Meneja: Lori Lilikosa, Sketi Ikalaumiwa

Mliokosa gazeti la wiki iliyopita, msiwe na wasiwasi. Taabu zangu hazijaisha, zimebaki za kuwatosha.

Kwa kifupi: mimi ni Mosoti, fundi wa nguo katika soko letu dogo upande wa Sotik. Mke wangu ni Mellen, Mama Bitutu. Yeye ndiye meneja wa kampuni yetu ya wakulima, ile yenye lori moja la kubeba majani ya chai kutoka mashambani mpaka kiwandani. Wiki jana niliwaeleza jinsi kiwanda kilivyokataa majani yetu Jumatatu moja, halafu nyingine, halafu nyingine tena, mpaka askari wa langoni akaambiwa asituonee haya. Nikawaacha pale tangazo la mkutano wa wanachama lilipobandikwa mlangoni mwa banda la majani.

Tangu hapo watu wananisimamisha barabarani. "Bwana Mosoti, kwani mama aliiba?" Hakuiba. Hata maadui zake hawajasema aliiba, na hilo nadhani linawauma.

Kosa lenyewe ni hili. Hapa kwetu tunachuma chai pamoja, lakini hatupumziki pamoja. Sisi tuliohama kutoka Kisii, wengi wetu ni Wasabato, na Jumamosi hatushiki kazi. Jirani zetu Wakipsigis, wengi wao husali Jumapili, na siku hiyo hawagusi hata panga. Lori ni letu sote. Basi Wasabato wakaanza kunung'unika kwamba lori likitembea Jumamosi, nao wanatenda dhambi kwa magurudumu. Wale wa Jumapili wakasema vivyo hivyo kuhusu siku yao.

Mellen akafikiri, akaamua lori lilale siku zote mbili.

Msicheke. Sisi hatukuona kosa, tuliona busara tupu. Mchungaji wetu alimwombea kwa jina. Mhubiri wa wenzetu naye akamwombea kwa jina. Mimi nilitembea sokoni kifua mbele wiki nzima, nikisalimia hata watu wenye deni la suruali.

Chai peke yake ndiyo haikuwa na dhehebu, ikaendelea kuota. Msabato alichuma Jumapili, jirani yake akachuma Jumamosi, na majani yakalazwa sebuleni pamoja na watoto. Ikifika Jumatatu, pale bandani pana mlima. Matanboi, wale vijana wa kupakia lori, wakapanda juu, wakakanyaga magunia ili yote yaingie lorini. Na majani mabichi ukiyakandamiza, yanapata joto. Yanageuka mekundu, yanaanza kunuka. Kiwanda kikafungua gunia la kwanza, kikafunga mlango.

Hilo ni kosa, na ni la Mellen. Mwenyewe hajalikana hata siku moja. Lakini ngojeni niwaambie alivyolaumiwa, kisha mniambie kama mimi ndiye nisiyeelewa Kiswahili.

Kabla yake meneja alikuwa Jonah Kipkosgei. Jonah ni mtu mwema, mcheshi, ukikutana naye huwezi kumkasirikia. Huyo Jonah alipakia ng'ombe kwenye lori la majani, akawapeleka mnadani Siongiroi. Jioni hiyo hiyo, bila kulimwagia lori hata ndoo moja ya maji, akapakia chai. Kiwanda kilinusa tu, kikakataa.

Tukasema, ng'ombe nao!

Baadaye akalitumia kubeba viazi kutoka Londiani. Likapinduka kwenye kona, viazi vikateremka mtaroni na Jonah nyuma yake. Tukasema, ile barabara ni mbaya sana. Watu walikwenda kwake na kuku kumpa pole. Lori lilipotengenezwa wakampa funguo tena, kwa sababu sasa ana uzoefu. Alilipindua tena. Ni yeye mwenyewe aliyechoka akajiuzulu, na siku ya kuagana tulimpa blanketi.

Alilaumiwa, ndiyo. Alilaumiwa kama siku mbili hivi. Lakini hakuna mtu aliyetaja suruali ya Jonah. Na mimi kama fundi nawaambia, ile suruali ilistahili kutajwa.

Kampuni ilipokuwa inakata roho ndipo wanaume wakakumbuka kwamba kuna mama pale bandani anayejua kazi. Wakampa Mellen.

Sasa turudi kibarazani kwangu, siku mbili kabla ya mkutano. Alikuja Kebaso, jirani yetu, mzee wa kanisa letu, apimwe suruali ya kuvaa mkutanoni.

"Pole, Baba Bitutu," akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya mama."

"Mama hajafa."

"Najua," akasema Kebaso. "Ndiyo maana nakupa pole."

Nikamzungushia tepu kiunoni, nikaivuta kidogo kuliko inavyohitajika.

"Unajua hii mambo ilianza wapi?" akaniuliza, pumzi zikiwa zimembana. "Ilianza na ile sketi."

"Sketi gani?"

"Ile ya marinda. Mtu akivaa sketi ya marinda namna ile, yeye anafikiria marinda. Hafikirii lori."

"Mzee Kebaso, ile sketi nimeshona mimi. Kwa mashine hii hii."

Kebaso akaitazama mashine kama mtu anayemtazama shahidi mbaya. "Basi hata wewe uko na makosa," akasema.

Nikapima mguu.

"Lakini imeshonwa vizuri," akaendelea. "Bibi yangu anataka kama hiyo. Utamaliza lini?"

Ningekuwa mwanamume, ningemfukuza. Nikamwuliza anataka rangi gani.

Hakuwa peke yake. Kibaraza cha fundi ni mahali ambapo mtu akisimama bila viatu, mikono juu, hana la kufanya ila kusema. Nikasikia yote. Mmoja alisema Mellen alikuwa akikaa mbele ya lori, karibu na dereva. Nikamwuliza Jonah alikuwa akikaa wapi. "Jonah pia alikaa mbele," akasema, "lakini Jonah alikuwa anasimamia." Mwingine alisema Mellen ana mtoto mmoja tu, mtu wa mtoto mmoja atawezaje kutunza wakulima wote hawa? Mwingine alisema sauti yake ni kali. Mwingine akainamisha kichwa, akasema kwa huzuni kabisa kwamba nyumbani kwa meneja ni mume anayepika.

Hilo la mwisho ni kweli. Wasilolijua ni kwamba napika vibaya.

Lakini magunia yaliyokanyagwa, siku mbili za lori kulala, mlima wa Jumatatu? Hayo hakuna aliyeyataja. Nilingoja mpaka nikachoka.

Mchana wake akaja mwenyekiti wa kampuni, Mzee Chepyegon, na koti lake zito na fimbo yake. Akakaa kwenye stuli ya wateja. Nikaagiza chai.

"Pwana Mosoti," akasema kwa lafudhi ya Kikipsigis, "tunataka hii maneno iishe na amani. Zungumza na mama. Asimame kwa mkutano, aombe msamaha, arudishe funguo, akae."

"Mzee, Jonah aliomba msamaha?"

"Jonah ilikuwa ni ajali."

"Na hii?"

Mzee Chepyegon akafikiri. Si mtu mbaya, na hapendi kujibu ovyo. Akanywa chai yake, akafikiri tena.

"Hii," akasema, "hii ni mama."

Alisema kwa upole, kama daktari anayetaja jina la ugonjwa. Nami, kwa aibu yangu, nikatikisa kichwa kana kwamba nimeelewa.

Kisha akanipa habari nyingine. Kiwanda kimelegeza kamba. Kitatujaribu tena, ila kinataka meneja wa kuzungumza naye kabla ya Ijumaa, naye aeleze Jumamosi na Jumapili zitakuwaje. Asipopatikana, kazi ya kubeba majani ya eneo letu lote inapewa mtu mwingine mwenye malori yake.

"Kwa hivyo Jumatano tunachagua," akasema, akasimama, akanishukuru kwa lugha yake. "Kongoi kwa chai."

Nilimkuta Mellen jikoni akichambua mboga, sketi ya marinda imefunikwa kwa leso. Nikampa maneno ya mwenyekiti yote, ila neno "mama" nikalipunguza makali.

"Kuomba msamaha nitaomba," akasema. "Nimeharibu majani ya watu. Watoto wengine wamekosa karo kwa ajili yangu, unafikiri nalala? Sitaki waseme sikukosa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka wanilaumu kwa lile nililokosa! Wanisute mpaka jioni, lakini wanisute kwa magunia. Halafu wanipe nafasi ya pili. Jonah alipewa."

"Jonah ni Jonah."

"Baba Bitutu, usianze."

Nikaanza kumsaidia kuchambua. Alichukua mboga mkononi mwangu, kwani nilikuwa natupa majani na kuweka vijiti.

"Dawa ninayo," akasema. "Madereva wawili. Msabato aendeshe Jumapili. Wa Jumapili aendeshe Jumamosi. Matanboi nao hivyo hivyo. Kila mtu apumzike siku yake, na chai isilale hata siku moja. Nimekwisha kuzungumza na yule kijana aliyekuwa akiendesha trekta kwa mzungu. Anasali Jumapili, na Jumamosi yuko tayari."

"Na mwenye hisa anayeogopa dhambi ya magurudumu?"

"Siku yake akae kanisani, asichungulie dirishani."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba ni akili kubwa. Akanitazama kwa namna aliyokuwa akinitazama kabla hatujaoana, wakati nilipokuwa mwembamba.

"Jumatano utasimama na mimi?" akaniuliza.

"Nitasimama."

"Hata wakicheka?"

"Wacheke."

Nilisema hivyo nikiwa nimekaa jikoni kwangu. Jikoni kwangu mimi ni jasiri sana.

Jumatano tuliichagua kwa sababu haina kanisa la mtu yeyote. Banda la majani likajaa. Wanaume upande wa mizani, akina mama upande wa mlango, na wale wasiopenda kukosa kitu chochote wakaning'inia madirishani. Mellen aliingia na ile sketi. Nilikuwa nimemwomba avae nyingine. Alinijibu kwamba hata akija na gunia watasema gunia ni fupi.

Mwenyekiti akafungua kwa sala mbili, ili kanisa lolote lisilalamike. Kisha akamwita Jonah Kipkosgei aseme machache kama meneja wa zamani.

Jonah akasimama, akajikuna shavu. "Mimi sina mengi," akasema. "Mimi niliangusha lori likitembea. Lakini huyu mama ameangusha lori likiwa limesimama!"

Banda lilikaribia kuruka paa. Watu walipigana mabega. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia. Na mimi niliyeahidi kusimama, nisiwafiche, midomo yangu ilinichezacheza. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havina kamba.

Tecla ndiye aliyesimama. Tecla ni mke wa Jonah, mama mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe upande wa pili wa bonde.

"Mnacheka nini?" akawauliza. "Huyu mzee wangu alipinduka, mkaniletea kuku. Akapinduka tena, mkaniletea kuku. Mimi nilichoka kupika kuku! Mama Bitutu amefanya kosa moja, mmempelekea nini? Nani amemwambia hata pole?"

"Tecla, kaa chini," Jonah akamwambia.

"Nitakaa. Na leo utajipikia."

Watu wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa na kikohozi ndani yake. Nikaona macho ya Mellen yamelowa. Nikajua pia kwamba hayo maneno yalipaswa kutoka upande wa wanaume, kinywani mwa mtu ninayemfahamu vizuri.

Kisha Mellen akaitwa. Hakuzunguka. Alisema, "Nilisimamisha lori siku mbili nikidhani nawapatanisha. Niliwaharibia majani. Ni mimi, si dereva, wala si tanboi. Naomba msamaha." Wengine wakaguna kwa kuridhika. Akaendelea. Akaeleza madereva wawili, nani na siku gani. Akaeleza magunia hayatakanyagwa tena kwa sababu hakutakuwa na mlima wa Jumatatu. Akasema dereva wa pili amepatikana. Akasema anaomba nafasi moja, moja tu, kama ile iliyotolewa kabla yake.

Nilimsikia neno kwa neno. Alisema taratibu, kwa Kiswahili kizuri kuliko hiki changu.

"Asante mama," akasema mwenyekiti. "Kuna swali?"

Mkono ukainuka nyuma. "Mimi nauliza, huyu mama hata nyumbani anaongea hivyo?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu na askofu.

Mkono mwingine ukainuka. Huyu alikuwa Phelis, mkuu wa akina mama kanisani kwetu, na moyo wangu ukatulia kidogo.

"Mimi ni mwanamke mwenzake," akasema Phelis, "kwa hivyo mimi nitasema ukweli ambao wanaume wanaogopa. Alianza kujiona. Siku hizi akipita kwangu hata haingii kunywa chai. Mwanamke akianza kukosa wakati wa chai, mjue kuna kitu."

"Kweli!" sauti zikaitikia.

"Na ile sketi," akasema Phelis.

"Kweli kabisa!"

Hilo likazungumzwa kwa kirefu. Wengine walisema marinda ni mengi mno, wengine wakasema shida si marinda, ni mkanda. Mke wa Kebaso, niliyekuwa nimekwisha kumkatia kitambaa, alikaa kimya kabisa. Juu ya madereva wawili hakuna aliyesema lolote. Mellen alibaki amesimama pale mbele, akigeuka huku na huku kutafuta mtu wa kumwuliza swali la lori. Hasira zilinipanda. Nikazikalia pale pale benchini.

Mwenyekiti akagonga fimbo. "Basi tuchague. Nani anataja jina?"

Mtu akamtaja Jonah. Jonah akamtazama Tecla, akasema afya yake haimruhusu.

Mtu mwingine, mama kutoka upande wa mlango, akasema, "Mama Bitutu arudi." Ilikuwa sauti moja. Ikapotea.

Ndipo Kebaso akasimama, ndani ya suruali niliyomshonea mimi.

"Mwenyekiti, tunatafuta mbali na kitu kiko hapa. Mimi nataja Mosoti."

Nilitazama nyuma kuona kama kuna Mosoti mwingine.

"Huyu mtu," akasema Kebaso, "ameishi na meneja nyumba moja. Makosa yote ya kampuni yamepita mezani kwake yakila ugali. Huyu yuko na uzoefu! Tena ni mtu mpole. Tena ni mtu wa watu. Na mkimchagua, mama hatakasirika, kwa sababu kiti hakijatoka nyumbani."

Makofi yalilipuka. Sijui kama mmewahi kupigiwa makofi. Mimi sikuwa nimewahi. Watu huningoja kila siku, lakini wanangoja suruali. Siku hiyo walikuwa wananingoja mimi.

"Mimi ni fundi wa nguo," nikasema. "Mambo ya chai..."

"Jonah naye alikuwa anajua chai?" mtu akapiga kelele kutoka dirishani, na hata Jonah akacheka.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilikuwa nimelitayarisha moyoni: mrudishieni Mellen, yeye ndiye mwenye dawa. Nikainuka nilitoe. Mellen akainua uso. Nikaona amenitegemea kabisa.

Mwenyekiti akaniwahi. "Pwana Mosoti, kabla hujasema ndiyo ama hapana. Kiwanda itauliza. Wewe, Jumamosi na Jumapili, ungefanya namna gani?"

Wazee waliniegemea. Mchungaji alivuta benchi mbele. Watu wale wale waliokuwa wakipiga gumzo juu ya mkanda sasa walikuwa wamefunga midomo ili wanisikie mimi, Mosoti, mwana wa Nyamwange, ambaye nyumbani kwangu hata paka haningojei nimalize kusema.

Kichwa kikavimba. Nawaambia wazi, kilivimba.

"Madereva wawili," nikasema.

Mzee mmoja akaweka mkono sikioni.

"Msabato aendeshe Jumapili," nikasema. "Wa Jumapili aendeshe Jumamosi. Chai isilale."

Ilikuwa kama nimefungua bomba. Watu walisimama. "Hapo sasa!" "Umesikia huyo?" "Hiyo ndiyo akili ya mwanamume!" Mchungaji akainua mikono juu. Mhubiri wa upande wa pili akaja kunipa mkono. Kebaso alizunguka akimwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyenitaja. Phelis alisema ameona siku nyingi kwamba mimi nina kitu ndani yangu. Mzee yule aliyeuliza kama mke wangu anaongea hivyo nyumbani alinipiga bega, akasema, "Kwa nini jambo rahisi hivi halikufikiriwa mapema?"

Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikakiweka sawa kichwani.

Ningeweza kusema hapo hapo. Nilikuwa na nafasi. Badala yake nikaanza kujidanganya, na mimi nikijidanganya najiamini haraka. Nikajiambia hii ni njia nzuri. Mimi nitakaa kitini, Mellen atafanya kazi. Watu watamheshimu mume, mke ataendesha lori, chai itafika kiwandani, na jioni tutacheka pamoja jikoni. Nikajiambia kwamba kwa kweli namsaidia.

"Tunapiga kura kwa mikono," akasema mwenyekiti.

Mikono iliinuka kama shamba la mahindi. Tecla hakuinua wake. Mellen naye hakuinua.

"Pwana Mosoti, umekubali?"

"Nimekubali," nikasema. Ikatoka nyepesi kabisa.

Mzee Chepyegon akanyoosha mkono kwa Mellen. Mellen akafungua mkoba, akatoa funguo za lori, akampa mwenyekiti kwa mikono miwili, kwa adabu. Mwenyekiti akanipa mimi. Walipiga makofi mara ya tatu. Nikazishika juu kidogo, wa nyuma nao wazione. Sijui ni nini kilichonituma.

"Sasa tufunge na maombi," akasema mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mimi nina swali."

Ilikuwa sauti ya Mellen. Hakuwa amekasirika. Naomba mnielewe hapo, maana hasira zake nazijua na najua pa kujificha.

"Mama, tumemaliza," akasema Mzee Chepyegon. "Usiharibu siku ya bwana yako."

"Umeneja mmechukua. Hisa yangu hamjachukua. Mwanachama hana swali moja?"

"Ana haki!" Tecla akaita kutoka mlangoni, na bonde zima likasikia.

Mwenyekiti akajishauri, akaona kukataa kutachukua muda mrefu kuliko kukubali. "Moja," akasema.

Mellen akasogea mpaka katikati ya banda. Akaupitisha mkono juu ya marinda yake, akayalaza sawa. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa na ule utani wake mdogo ninaoupenda, na chini ya ule utani kulikuwa na maumivu ambayo sikuwa nimewahi kumwona nayo, hata siku ile kiwanda kilipotufungia mlango.

"Bwana Meneja," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Hayo ya madereva wawili ni maneno mazuri sana. Nimefurahi yamesikika. Naomba tu utuambie wanachama, uliyasikia wapi?"

Wale waliokuwa wakijinyoosha waende nyumbani wakakaa tena. Jonah aliyekuwa anatafuna kijiti akakishika mkononi. Kebaso akanikonyeza, eti nijibu upesi tuombe.

Jibu nilikuwa nalo. Lakini nikisema kweli, funguo zinanitoka mbele ya watu wote, na sikuwa na hakika hata kidogo kwamba zitarudi kwake. Nilivyowajua, wangempa Jonah mara ya tatu. Nikisema uongo, nitabaki mtu mwenye akili machoni pa kila mtu aliyekuwa pale, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye ninayelala naye nyumba moja.

"Niliyasikia..." nikaanza, nikizitazama funguo mkononi.

Mellen akavuta gunia tupu, akalikunja, akakaa juu yake, akaningoja.